Kuezua paa la asbesto: barakoa ya kitambaa haitoshi

Ndugu, nimekuelewa: umepata kibarua cha kuezua paa kuukuu la asbesto, na msimamizi anasema ufunge kitambaa tu puani. Kataa. Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, hupenya kitambaa na kukaa mapafuni, na saratani huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Ndiyo maana wengi hudharau. Leo hukohoi hata kidogo.

Dai barakoa ya FFP3, aina inayochuja hata vumbi laini kabisa, na inayobana uso (ndevu nyoa, hupitisha hewa pembeni) na ovaroli ya kutupwa. Lowesha paa kwanza. Usilikanyage moja kwa moja, huvunjika ghafla. Tembea juu ya mbao. Shusha vipande vizimavizima, bila kuvunja wala kukata kwa msumeno wa umeme. Vumbi kavu halifagiliwi. Mabaki yafungwe mara mbili kwenye plastiki nene.

Nguo za kazi zisifike nyumbani: kuna wake wa mafundi waliougua kwa kuzifua tu.

Ukikuta asbesto laini inayomeng'enyeka, kama ile ya kufunika mabomba ya mvuke, shuka. Hiyo ni ya wataalamu wenye leseni. Na sigara uache, huzidisha sana hatari ya saratani ya mapafu.