Kwa kundi lisilopenda kusoma, mimi ningechagua Glorantha

Ndugu, umesema kundi lenu la michezo ya kuigiza wahusika mezani kwa dadu limemaliza kampeni ndefu, yaani hadithi ya vikao vingi, katika dunia ya kubuni ya Forgotten Realms, wachezaji wako hawasomi chochote kabla ya kuketi mezani, na sasa mnavutana kati ya dunia mbili nyingine, Dark Sun na Eberron. Umesema pia kuna mtu aliyekutajia dunia ya nne, Glorantha, ukaogopa wingi wa vitabu vyake. Nimeongoza michezo katika dunia hizo zote hapa Nairobi, mara nyingi sebuleni kwa rafiki yangu South B, na ningekushauri uende hukohuko unakokuogopa.

Ulimwengu wa mchezo mimi huupima hivi: mchezaji ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja, ukimuuliza "unafanya nini?", ana pa kushika? Anajua anadaiwa na nani, anamwogopa nani, anakosa nini? Ramani ya kupendeza na orodha ya wafalme haitamsaidia hapo.

Forgotten Realms mnaijua tayari. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuitunga akiwa mtoto, miaka ya 1960, na kampuni ya michezo ya TSR wakaitoa kama sanduku la mchezo mwaka 1987. Tangu hapo imejazwa mpaka karibu kila hadithi ina mahali pake ndani. Lakini wahusika huingia humo kama wapita njia. Wanakutana baa, wanapewa kazi, wanalipwa, wanaenda zao. Kampeni yetu ya Waterdeep, mji mkubwa wa humo, ilikuwa tamu kwa mapigano, ila hakuna mhusika aliyekuwa na mama, mjomba wala shamba.

Dark Sun, iliyotoka 1991, ndiyo inayoshika watu haraka kuliko zote. Uchawi wa Athas, sayari ya Dark Sun, hunyonya uhai wa mimea na kuacha majivu, kwa hiyo lile jangwa limeletwa na wachawi wenyewe. Chuma ni adimu. Watu hupigana kwa mifupa, mawe na obsidiani, na silaha huweza kuvunjikia mkononi katikati ya vita. Miungu hakuna, na miji inashikiliwa na wafalme wachawi. Waambie wachezaji wa Nairobi kwamba maji yaliyobaki ni ya siku mbili na mwenye kisima amepandisha bei, hutaeleza zaidi. Mtu aliyewahi kupanga mitungi usiku akingoja mfereji utoe maji anajua la kufanya. Shida ni kwamba dunia hii inabana kifua. Kadiri kampeni ilivyorefuka, wachezaji wangu waliacha kupanga mambo ya kesho, wakabaki kutafuta pumzi ya leo. Kwa hadithi fupi iko sawa kabisa.

Eberron naipenda sana, na nitakueleza kwa nini bado siyo yenu. Keith Baker alishinda shindano la kubuni dunia mpya ya mchezo lililotangazwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 2002, likavuta mapendekezo zaidi ya 11,000, na kitabu kikatoka 2004. Katika dunia hiyo, vita vya karibu miaka mia vimekwisha juzijuzi kwa mkataba. Nchi nzima, Cyre, iliangamia kwa siku moja, na hakuna anayejua sababu. Wale askari waliotengenezwa kiwandani kwa ajili ya vita wamepewa uhuru na sasa wanatafuta kazi. Uchawi ni biashara ya familia kubwa: Kundarak wana benki, Orien wana treni ya radi, Jorasco wanatibu kwa malipo. Siku moja mhusika aliyejeruhiwa alifikishwa kwa Jorasco wakataka pesa kwanza. Mezani palichemka, maana kila mmoja wetu alikuwa anamjua mtu aliyezuiliwa hospitalini kwa sababu ya bili.

Lakini utamu wa Eberron uko kwenye njama, na njama inataka mtu akumbuke taifa lipi lilimsaliti lipi, na familia ipi inamficha nani. Wasiosoma watachanganya majina, nawe utageuka mwalimu wa historia kila Jumamosi.

Sasa Glorantha. Greg Stafford aliichapisha mara ya kwanza mwaka 1975, kupitia mchezo wa ubao uitwao White Bear and Red Moon, kisha RuneQuest, mchezo wa kuigiza wahusika katika dunia hiyo, ikafuata 1978. Watu huogopa kwa sababu ina hekaya nyingi na ule mwongozo wake mkubwa wa majuzuu mawili. Huo uache kwenye rafu. Mchezaji anahitaji ukoo wake tu.

Waorlanthi, watu wa nchi ya Sartar humo Glorantha, wanaishi kwa koo, wana ng'ombe, wana baraza, wanalipizana kisasi na kulipana fidia. Ukiua mtu wa ukoo mwingine, ukoo wako wote una deni. Unapotengeneza mhusika wa RuneQuest, toleo la 2018, unaanza na babu au bibi yako: alipigana wapi, alimchukia nani. Halafu mzazi wako. Wewe unafuata. Nilimwona kijana ambaye hakuwahi kugusa dadu za pande 20 akieleza ugomvi wa ukoo wake kana kwamba ametoka kuusikia kwa nyanya yake kijijini.

Na kanuni zenyewe zinasukuma huko. Pigo huangukia kiungo maalumu, mguu unaweza kwisha kwa dadu moja, kwa hiyo watu husalimu amri. Kila mhusika ana kiasi cha kumkomboa. Mwenzetu alipotekwa, wachezaji waliitisha harambee ya ng'ombe katika ukoo, na kikao kizima kikawa ni kubembeleza wazee. Hatukupigana hata kidogo, na bado watu wanakitaja.

Upande wa Prax, nyika ya wafugaji wanaohamahama humo Glorantha, ni mtamu zaidi. Kuna kabila linalopanda swala pala, lingine palahala, na wapo wapanda vifaru. Wanasimulia kwamba wakati wa njaa kuu, mungu wao Waha aliwashindanisha watu na wanyama: mshindi ale nyama, mshindwa ale nyasi. Wamorokanthi ndio wanyama walioshinda, na mpaka leo wanafuga watu. Msimulie mchezaji hilo, kisha mpe Mmorokanthi kama jirani wa kufanya naye biashara, uone maamuzi atakayofanya.

Kuna pia Mwangi Expanse ya kampuni ya Paizo, dunia ya kubuni iliyoelezwa katika kitabu cha 2021, yenye chuo cha uchawi cha Magaambya. Nimeisoma kwa furaha, ila kundi lako likitoka Forgotten Realms litaizoea upesi mno na kurudia mtindo wa wapita njia.

Chukua kijitabu cha bure cha RuneQuest cha 2017 kutoka Chaosium, wachapishaji wake. Hadithi yake ni ya ng'ombe walioibwa. Waweke wachezaji wote ukoo mmoja. Kabla ya kurusha dadu, muulize kila mmoja ana ndugu gani aliyeolewa kwa majirani, halafu nyayo za wale ng'ombe zielekee huko.