Ugwe ukikatika utaufunga nani? Kwa ndugu anayefungua duka la pinde Chake Chake

Ndugu yangu, usilipe. Hata kama hutasoma mengine niliyoandika, huo mzigo wa pinde kutoka Dar usiulipe.

Umeandika kwamba unafungua duka dogo la pinde na mishale Chake, na wateja uliokwishazungumza nao ni skuli mbili, madrasa moja iliyoanzisha mazoezi ya shabaha kwa vijana wake, na hoteli chache za kaskazini ya Pemba. Ukauliza uanze na chapa zipi, mishale iwe ya mbao au ya kaboni, na chumba ukodi sokoni au barabara ya Wete. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, ukataja kuwa kuna mtu Dar amekushauri uchukue pinde kumi za kapi za chapa kubwa ya Marekani, "kwa sababu jina linajiuza," na Alkhamisi unamtumia pesa.

Nilipofika hapo mwili ulinisisimka. Maneno hayohayo, jina linajiuza, niliambiwa mimi mwaka 2019 na mtu wa Dar aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, nyuma yake picha ya mwindaji wa Kimarekani amevaa nguo za majani. Nikachukua kumi na mbili. Mpaka zinafika dukani kwangu Mlandege, Unguja, kila moja ilikuwa imenisimamia shilingi 780,000. Piga hesabu mwenyewe: milioni tisa, laki tatu na sitini elfu. Sehemu kubwa ilikuwa pesa ya shamba la mikarafuu aliloniachia mama.

Kwa asiyeujua, upinde wa kapi una mbawa fupi ngumu, na kwenye ncha za mbawa kuna magurudumu yasiyo duara kamili. Ugwe, yaani kamba ya kurushia mshale, na kamba nyingine mbili hupita humo kama jarari, kamba ya kupandishia tanga, inavyopita kwenye kapi za jahazi. Unapoanza kuvuta ni mzito, lakini ukifika mwisho magurudumu yanageuka na uzito unashuka ghafla. Wa ratili 60 unaweza kubaki na ratili 12 tu mkononi, ukalenga kwa utulivu. Ni ufundi mkubwa. Aliyeubuni ni Mmarekani, Holless Wilbur Allen, na hataza yake ilitoka 1969. Huko kwao wengi wanaowinda kwa upinde hawashiki kingine. Kiwanda hakikunikosea, na wala chapa siitaji, maana pinde zao ni nzuri kwa aliyekusudiwa. Aliyenikosea ni yule aliyejua ninakaa wapi na wateja wangu ni nani, akanyamaza.

Hakuniambia kwamba upinde wa kapi hukatwa kwa kipimo cha mtu kama kanzu. Magurudumu yake hupangwa kwa urefu maalumu wa kuvuta, na kama mkono wako haufiki hapo hupati ule wepesi, unabaki na uzito wote. Zangu zote zilipangwa inchi 29. Sasa mwambie mtu anyooshe mikono pembeni, pima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha, gawa kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 160 anavuta sentimita 64, yaani inchi 25 hivi. Hao ndio wateja wangu: wanafunzi, kina mama wa mazoezi ya jioni, wageni wa hoteli wa kila kimo. Kubadilisha kipimo kulihitaji vipande vingine vya gurudumu, na hivyo sikuwa navyo, wala yeye hakuwa navyo.

Lakini hilo ningelivumilia. Lililonimaliza ni ugwe.

Nilikuwa nimeshauza tano, tatu kati yake kwa hoteli moja ya pwani ya mashariki. Wiki ya pili akaja kijana wa hoteli, kauzungushia upinde kikoi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Akaufungua juu ya meza. Ugwe ulikuwa umechopoka kwenye gurudumu la chini, umelala kando kama utumbo wa samaki, na ukingo wa gurudumu umepinda. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema mgeni aliuvuta akauachia bila mshale, alitaka kusikia mlio wake. Basi. Ukiuachia upinde mtupu, nguvu yote iliyopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye mbawa na magurudumu. Kila mwenye pinde anatakiwa amwambie mteja hilo kabla hajapokea pesa. Mimi sikumwambia mtu kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu.

Nikasema si kitu, nitaurudisha ugwe mahali pake. Haurudi. Mbawa za upinde wa kapi zimeshabanwa hata kabla hujavuta, na ili ugwe ulegee unahitaji mashine ya kubania, yenye kuzishika mbawa zote mbili na kuzikunja sawasawa. Nikauliza bei ya mashine: ilikuwa karibu sawa na pinde mbili. Nikamwendea jirani yangu, fundi wa pikipiki, mtu hodari kwelikweli. Tukafunga mikanda ya mizigo, tukaweka jeki ndogo katikati, tukaanza kukaza kidogo kidogo. Nilisikia mlio kama wa ganda la kungu linapopasuliwa. Ubawa wa juu ulipasuka kwa urefu wake wote na kibanzi kikampita fundi chini ya jicho. Chini ya jicho, ndugu yangu, upana wa kidole. Damu ilimwagika kwenye shati lake na mimi nimesimama na kamba mkononi sijui la kusema. Ana watoto wanne. Kovu lile naliona kila siku nikipita kununua chai.

Nikampigia yule wa Dar. Wiki ya kwanza, "nitakuangalizia." Wiki ya pili hapokei. Wiki ya tatu akapokea na kuniambia hivi: "Hiyo ni kazi ya fundi, sisi tunauza pinde." Niambie, kuna fundi gani wa pinde Zanzibar? Alikuwa ananiuzia jahazi bila tanga, akijua ninaishi kisiwani. Na hasira yangu mpaka leo haiko kwenye pesa tu. Mtu akikuuzia sumu ya panya anakuonya unawe mikono. Huyu alishindwa hata hilo.

Hoteli ikarudisha zote tatu, nikazirudishia pesa kwa sababu jina la duka ni langu. Nyingine mbili zikafia mikononi mwa walionunua, ugwe umechakaa na hakuna wa kuubadilisha. Saba zilizobaki nilizitoa kwa hasara kwa mtu aliyekuwa anahama kwenda Arusha.

Kwa hiyo swali lako la chapa nalijibu kwa sharti moja, na sharti hili silegezi: usiweke dukani upinde usioweza kuutia ugwe mpya kwa mikono yako mwenyewe, juu ya meza yako, mteja akiwa amekaa anasubiri. Ukiletewa chapa yoyote duniani, uliza hilo kwanza. Jina utauliza baadaye.

Pinde zinazopita kwenye sharti hilo ni zile za kawaida zenye ncha zilizojikunja mbele, zinazofunguka vipande vitatu: mshikio wa katikati, ubawa wa juu, ubawa wa chini. Hizi hazina kipimo cha mtu mmoja, kila mtu anavuta mpaka shavuni kwake. Za mbao za inchi 62, umbo lile lililoenezwa na Sage ya Samick wa Korea na kuigwa na wengi, ndizo za skuli. Ragim wa Italia wanatengeneza za aina hiyohiyo. Vijana wa madrasa watakaotaka kusonga mbele, WNS, ambayo ni mkono wa bei nafuu wa Win&Win wa Korea, ina mishikio na mbawa za mfumo wa ILF, ule ulioanzia kwa Hoyt, kiwanda cha pinde cha Marekani, na sasa unatumiwa na viwanda vingi, kiasi kwamba ubawa wa kiwanda hiki unaingia kwenye mshikio wa kiwanda kile. Angalia tu: Hoyt wenyewe wana mfumo mwingine unaoitwa Formula, na huo hauingiliani na ILF. Usije ukachanganya ukabaki na mbawa zisizo na pa kukaa.

Chukua chapa mbili, si tano. Mishikio michache, mbawa nyingi. Na mbawa ziwe nyepesi! Ubawa ukiandikwa 24 na pembeni 28, maana yake ni ratili 24 ukivuta inchi 28, na kila inchi unayopungukiwa unapunguza kama ratili mbili. Mtoto wa skuli mpe 16 au 18, mtu mzima anayeanza 22 mpaka 26. Atakayekuja dukani anataka 50 ili awaoneshe wenzake, mwambie hapana. Akikasirika akaondoka, mwache aende, bega lake litabaki zima.

Ugwe wenyewe kwa pinde hizi za mbao uwe wa dakroni, uzi wa kiwandani unaonyumbuka kidogo. Zipo nyuzi za kisasa zisizonyumbuka, zinarusha mshale kwa kasi zaidi, lakini ncha za mbawa ambazo hazikuimarishwa zinaweza kupasuliwa nazo. Upinde wa inchi 62 hutumia ugwe wa inchi 58 hivi. Nunua rola ya uzi, pigilia misumari miwili kwenye ubao, ujifunze kuutengeneza. Nyuzi 12 zinatosha kwa pinde nyepesi. Mimi nilijifunza kwa wiki moja. Na wewe uko Pemba, hapo Tumbe kuna mikono iliyosuka nyavu maisha yao yote, wataupata mchana mmoja. Ila usitumie mshipi wa nailoni wa kuvulia, huo unavutika kama ulimbo na utaua upinde.

Mishale: ya kaboni usiwape watoto. Ikipata ufa usioonekana inaweza kupasukia mkononi wakati wa kuachia.

Hoteli usiwauzie tu ukaondoka. Nenda na upinde, simama na vijana wao saa nzima, uwaoneshe kwa nini hauachiwi mtupu, na uwaachie nyugwe mbili za akiba na kamba ya kukunjia upinde wakati wa kuutia ugwe. Usiku waushushe ugwe. Na wasiziache ndani ya gari juani wala chini ya bati, gundi ya mbawa haipendi joto hilo. Wewe pia dukani.

Leo Jumanne. Mpigie huyo mtu kabla ya Alkhamisi na umuulize swali moja tu: ugwe ukichopoka hapa Chake, nani ataurudisha, na kwa mashine ipi? Kisha njoo uandike hapa alichokujibu. Rola moja ya dakroni na ubao wenye misumari ninavyo vya ziada, nitakupakilia kwenye boti ya Mkoani ya Jumamosi, utalipa ukianza kuuza.