Namkwepa mume wangu usiku: je, malaika wananilaani?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Niko Uyole, Mbeya, niliolewa mwaka jana. Mume wangu ni mtu mwema, lakini akinikaribia mwili unakaza, naumia, tendo halifanyiki. Sasa nabaki jikoni nachambua maharage mpaka nimsikie anakoroma. Wifi anasema nina jini mahaba. Mama mkwe anasema malaika wananilaani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, binti yangu. Barua yako imeniuma. Huna dhambi kwa hofu usiyoichagua. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286).

Hadithi ya malaika kumlaani mke anayekataa wito wa mumewe kitandani ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wanaomtupia mwanamke anayeumia hawajaisoma na maelezo yake. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, alipoifafanua, alisema inamhusu anayekataa bila udhuru wa kisheria. Maumivu ni udhuru. Na mume anayeichukua iwe ruhusa ya kumlazimisha mkewe, ile amri ya kukaa nao kwa wema (4:19) anaipeleka wapi? Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kumwingilia mke huku analia ni dhuluma, hata kama mahari ililipwa yote.

Majini wapo, Qur'ani imesema. Ila kumbebesha jini kila maumivu ya mke ni ujinga, na umeharibu ndoa nyingi. Hali yako madaktari wanaijua: misuli ya ukeni inajikaza yenyewe, bila hiari. Chanzo huweza kuwa hofu, kuumizwa zamani, au yale masimulizi ya damu na mateso wanayotishiwa mabinti kwenye kicheni pati. Wengine wana maambukizi, ndiyo maana upimwe kwanza. Nenda Meta, kwenye hospitali ya rufaa, umwone daktari wa wanawake. Inatibika, kwa mazoezi ya kulegeza misuli na ushauri, hatua kwa hatua. Ayatul Kursiy soma, ni kheri. Mganga usimpe hata kuku, na anayetaka kukushika mwili eti anatoa jini, mkimbie.

Kama kuna mtu alikuumiza utotoni, mwambie daktari. Aibu ni yake, si yako.

Mume mweleze mchana, mkiwa mmekaa, si kitandani. Muache kwanza kujaribu tendo mpaka daktari aseme; kukumbatiana na kuzungumza kuna thawabu zake. Muende hospitali pamoja. Akiwa na shaka juu ya haki yake, aje kwangu mwenyewe, asimtume mama yake.