Maswali na Majibu: Sindano ya tako, tena

Daktari, tabaka tatu za neva zinatofautianaje? Nina mtihani Jumatatu.

Zimo kwenye daftari lako. Haya, nenda buchani uombe ile kamba nyeupe ya paja la mbuzi, ndiyo neva, yaani mshipa wa fahamu, uikate kwa wembe. Ganda la nje lenye mafuta na vijishipa vya damu ni epineuriamu. Ndani utaona vitone. Kila kitone ni fungu la nyuzi lililovikwa perineuriamu, ganda jembamba lakini gumu linalochuja kinachoingia. Endoneuriamu huioni kwa macho: yenyewe huzunguka uzi mmoja mmoja.

Mayelini ni tabaka la ngapi?

Si mojawapo. Ni ala ya mafuta inayofunika uzi, hutengenezwa na seli za Schwann zinazouzunguka, chini ya endoneuriamu. Msiniulize tena.

Mwanangu wa miaka 3 alichomwa sindano ya homa takoni, duka la dawa. Sasa anaburuta mguu. Muuzaji anasema damu haijatembea, nimkande na maji moto.

Pole, mama. Damu haihusiki. Kuna uwezekano mkubwa sindano imeijeruhi siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, nayo hupita takoni. Dawa ikimwagika nje ya mafungu, madhara huwa madogo. Ikiingia ndani ya perineuriamu haina pa kutokea. Inabana na kuunguza nyuzi zenyewe. Mirija ya endoneuriamu ikiwa imesalimika, uzi huota tena kwa kuifuata, kama milimita 1 kwa siku. Sentimita 30 ni miezi 10, kwa hiyo mpeleke hospitali leo, afungwe kifaa cha kushikilia wayo na aanze mazoezi ya viungo. Maji moto acha: mguu wenye ganzi huungua bila mtoto kulia.

Na homa ilipimwa? Malaria ya kawaida ina dawa ya kumeza. Ikilazimu sindano, mtoto mdogo huchomwa pajani, upande wa nje. Nanyi wazazi mna lenu: asiyechoma mnaona hajatibu.

Vidonge vya vitamini B vitarudisha tabaka zilizoharibika?

Hapana. Pima sukari kwanza, kisukari nacho huharibu neva. B6 ikizidi, yenyewe huharibu neva.

Nina baka lisilohisi mkononi, na kamba nene nyuma ya kiwiko.

Hiyo kamba huenda ni neva iliyovimba. Ukoma huingia kwenye seli za Schwann na kunenepesha neva hivyo. Dawa zake ni bure tangu 1995. Nenda hospitali kesho asubuhi, umwonyeshe daktari baka na kiwiko, vyote viwili.