Sanda ya Turin: maswali yenu kutoka nyanda za juu

Maswali ni mengi kuhusu ile nguo ya kitani iliyoko Turin, Italia, yenye sura ya mtu aliyesulubiwa, wengi wanasema ndiyo aliyozikiwa Yesu. Nayajibu haya manne.

*Walijuaje umri wake? (kijana, Mwanjelwa)*

Kitani kinatoka kwenye mmea bwana mdogo, na mmea ukiwa hai unavuta kaboni ya hewani, humo kuna kidogo kaboni 14, aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole, ukishavunwa haiingii nyingine, iliyopo inapungua tu mpaka miaka kama 5,730 inabaki nusu, kwa hiyo wanapima iliyobaki. 1988 walikata kipande pembeni wakagawia maabara tatu, Oxford, Zurich na Arizona, majibu yakaja kwamba kitani ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Na historia inakubaliana nao, maana nguo inaanza kusikika Lirey, Ufaransa, kwenye miaka ya 1350, halafu 1389 Pierre d'Arcis, askofu wa Troyes, akaandika kwamba ni kazi ya mchoraji. Askofu mwenyewe huyo!

*Si walikata kwenye kiraka? (mama, Njombe)*

Mama, ni kweli iliungua Chambéry 1532 ikatiwa viraka, na mimi naona walikosea kuchukua kona moja tu. Ila ili nguo ya karne ya kwanza isomeke ya karne ya 14, zaidi ya nusu ya kile kipande ingebidi iwe nyuzi mpya, na hiyo wataalamu wa vitambaa waliosimamia ukataji wangeiona. Fumbo lililobaki ni ile sura, Secondo Pia aliipiga picha 1898 akakuta kwenye negativu, yaani picha iliyogeuzwa, peupe pakawa peusi na peusi pakawa peupe, inatokea vizuri kuliko kwa macho, na namna ilivyotengenezwa bado wanabishana.

*Biblia inasemaje? (Mmoravian, Rungwe)*

Soma Yohana 20:6-7, kuna vitambaa vya sanda na leso ya kichwani mbali. Picha haitajwi.

*Ikiwa feki, sisi Wakatoliki tufanyeje? (mlei, Iringa)*

Swali hili limenigusa, maana wamisionari Wakonsolata waliofika Iringa 1919 shirika lao lilianzia huko huko Turin. Ndugu yangu, hakuna Mkatoliki anayelazimishwa kuamini sanda, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipokwenda kuiona 1998 alisema wazi Kanisa halina utaalamu wa kuamua, likawaachia wanasayansi. Paulo aliwaambia Wakorintho kama Kristo hakufufuka imani yao ni bure, hakusema habari ya kitambaa. Kwa hiyo anayepiga magoti mbele yake akakumbuka mateso ya Bwana mwacheni asali, ila msimwambie mtoto wa shule kwamba kukubali vipimo vya maabara ni dhambi, mnamfukuza kanisani bure.