Wadogo zangu mnaoanza historia ya harakati, anzeni na karatasi

Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudi ikiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba utumwa Unguja na Pemba ulikoma tarehe 6 Aprili 1897, siku Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini tangazo. Mwalimu aliyenisimamia hakuikata tarehe. Aliandika pembeni: “Tarehe 7 asubuhi, mtumwa alifanya nini?” Sikuwa na jibu. Nilikaa karibu mwaka mzima nikilitafuta, na haya ninayowaandikia ninyi mnaoingia mwaka wa kwanza yametokana na swali lile.

Tarehe 7 asubuhi walio wengi waliamka wakaenda kwenye mashamba ya karafuu kama jana yake. Tangazo halikumwacha mtu huru moja kwa moja. Liliondoa nguvu ya kisheria ya utumwa, yaani mahakama isingeweza tena kumrudisha mtu kwa bwana wake. Aliyetaka uhuru wake ilimbidi aende mwenyewe kuuomba, na mara nyingi aliyemkuta mezani alikuwa mtu wa tabaka lile lile la wenye mashamba. Akishaupata, alitakiwa aoneshe anakaa wapi na anaishi kwa kazi gani, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Fidia alilipwa bwana, siyo aliyetumikishwa. Masuria walihesabiwa kama wake, wakafungiwa mlango huo hadi sheria ya 1909, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili. Uingereza, wapinga utumwa walikuwa wamepiga kelele kwa miaka mingi, na serikali yao haikuweza kuwanyamazisha. Lakini serikali hiyo hiyo ilitaka karafuu ziendelee kuchumwa na ushuru uendelee kuingia. Kwa hiyo wanaharakati walipewa tarehe, na wenye mashamba wakaachiwa vibarua wao.

Ukipewa mada ya mageuzi yoyote, itafute sheria yenyewe uisome mpaka vifungu vya mwisho. Vile vya mwanzo huwa vinasomwa hadharani. Masharti, faini na watu walioachwa nje huwekwa chini huko, na huko ndiko utakakoona dola ilikuwa inamwogopa nani.

Nawaambieni muanze na karatasi kwa sababu nyingine pia. Mwanafunzi mgeni hukimbilia risasi. Mpe Nairobi ya 1922 atakuandikia kurasa kumi kuhusu tarehe 16 Machi: umati mbele ya kituo cha polisi, askari wanafyatua, walowezi nao wanapiga risasi kutoka baraza ya hoteli ya Norfolk. Yote yalitokea, na lazima yaandikwe. Ila mtu aliyeishia siku hiyo hataelewa kwa nini umati ulikuwa pale. Rudi nyuma. Kuna kipande, kilichowekwa na sheria ya 1915 na kuanza kutumika kweli baada ya Vita Vikuu: cheti chenye alama za vidole, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa ndani ya kikebe cha chuma shingoni, na mwajiri akaandika humo siku aliyoanza kazi na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Kuna kodi iliyopandishwa hadi shilingi 16. Kuna walowezi waliotaka mwaka 1921 kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Kuna Harry Thuku, opereta wa simu katika Hazina ya serikali, aliyeanzisha chama na kutuma telegramu moja kwa moja London bila kupitia kwa machifu. Telegramu hiyo iliwakera machifu wa Kiambu kuliko hotuba zake zote, kwa kuwa ilionesha kwamba watu wanaweza kusemewa na mtu ambaye serikali haikumteua.

Sasa tazama serikali ilimfanyia nini kwanza. Kabla ya bunduki ilimtaka achague kazi au siasa. Alipochagua siasa, alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, umati wa tarehe 16 ukaja kudai aachiliwe, na baadaye akapelekwa Kismayu bila kufunguliwa mashtaka. Alikaa uhamishoni takriban miaka tisa. Baada ya damu kumwagika, kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Shikeni yote mawili kwa pamoja, kiongozi kafukuzwa na kodi kashushwa. Serikali nyingi hutoa kwa mkono mmoja kile walichodai watu, huku mkono wa pili ukimwondoa aliyedai, ili isionekane kwamba kudai kunalipa.

Ukivuka mpaka kuingia Tanganyika utaikuta silaha ile ile. Mwaka 1953, kabla TANU, chama kilichopigania uhuru, haijazaliwa, waraka wa serikali uliwakataza watumishi wake kujiingiza katika siasa. Kisha ikaja sheria ya vyama ya 1954, iliyotaka kila tawi lisajiliwe, na matawi ya Usukumani yakafungiwa mlango kwa miaka kadhaa. Nyerere mwenyewe ilimbidi aache ualimu Pugu mwaka 1955. Mimi husema hapo ndipo umuhimu wa Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, unapoeleweka vizuri. Wanawake wa Dar es Salaam waliouza vitumbua na kucheza ngoma hawakuwa na mshahara wa serikali wa kupoteza. Waraka uliowanyamazisha makarani haukuwa na la kuwafanya. Vyama vyao vya ngoma vilikuwa vimeshapangwa, vina viongozi wao na michango yao, kabla mwanasiasa yeyote hajawafikia. Anayeandika kwamba wanawake “waliwaunga mkono” wanaume wa TANU hajauangalia waraka wa 1953 na kujiuliza uliwafunga nani na ulimwacha nani.

Kuhusu kuketi na majalada. Mkifika Nyaraka za Taifa pale Barabara ya Moi, Nairobi, mtaona kwamba habari nyingi za harakati zimeandikwa na waliotaka kuzizima. Msiyatupe majalada hayo kwa hasira, na msiyaamini kwa uvivu. Ofisa akiandika “wachochezi wachache”, angalia aliomba askari wangapi. Idadi rasmi ya waliouawa tarehe 16 Machi ni 21, ila walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Ziandike zote mbili na useme nani alihesabu.

Halafu kuna yale yasiyokaa vizuri kwenye jalada. Siku ile, wanaume walipoanza kutawanyika, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha gauni lake hadi mabegani akawaambia wavue suruali zao wampe yeye. Umati ukasonga mbele, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Kwa Wakikuyu mama kujifunua hivyo ni laana nzito, na ofisa wa kikoloni hakuwa na namna ya kuielewa. Miaka 70 baadaye, Machi 1992, polisi walipowavamia akina mama waliofunga kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, baadhi yao walivua nguo mbele ya polisi. Ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale alipoanguka Nyanjiru. Hakuna jalada litakalowaunganishia matukio hayo mawili. Mtaunganisha ninyi, mkiwa mmekaa na wazee mkawasikiliza.

Mkienda kwa wazee msiwaulize uhuru ulipatikana mwaka gani. Watawajibu kama kitabu cha shule, maana wanajua mnachotaka. Nilimkosea hivyo mzee mmoja kwa nusu saa nzima, hadi nilipomuuliza baba yake alikiweka wapi kipande usiku. Alinyamaza kwanza. Akasema baba alilala nacho shingoni, kwa sababu kukipoteza kulikuwa na adhabu, na kwamba yeye alipokuwa mtoto kitandani alijua baba amegeuka kwa kusikia kile kikebe kikigonga ubao.