Barua kwa mwanangu: kulichunguza neno si kukosa imani

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Nimepata nafasi ya kukuandikia kwa kirefu kwa sababu ni siku za mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika, na mwaloni hakuna cha kuanika.

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Unasema kwenye maombi ya jioni huko Tabora mtumishi mmoja alikuita mbele, akasema una mdogo wako anayeumwa, na wewe hukuwa umemwambia mtu yeyote pale. Kisha akakusomea Yeremia 29:11, lile neno kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, akatamka kwamba kabla mwaka haujaisha Mungu atakutoa kwenye ualimu na kukupa kazi kubwa, ila kwanza upande mbegu: ile akiba uliyoiweka kwa ajili ya ada ya chuo. Ulipoomba muda wa kufikiri, ukaambiwa usimzimishe Roho, ukasomewa na "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Bwana. Sasa unaniuliza: "Mama, nitajuaje kama neno hili ni la Mungu? Na nikilichunguza, si nitakuwa nimekosa imani?"

Naanza na swali la pili, maana ndilo lililokufunga mikono. Fungua 1 Wathesalonike 5:19, lakini usiishie hapo, nenda mpaka 21: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Paulo aliyekataza kutweza unabii ndiye aliyeagiza, hapo hapo, kwamba ujaribiwe. Wakorintho nao aliwaandikia kwamba manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Hao wengine ni ninyi mlioketi kwenye mabenchi. Kupambanua ni kazi yenu, mmepewa na mtume.

"Msiwaguse masihi wangu" ni Zaburi 105:15. Anza kusoma mstari wa 9. Inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa, na Mungu anawakemea wafalme wasiwadhuru. Ni kinga ya wanyonge mbele ya wenye nguvu. Sioni kabisa inavyogeuzwa kuwa kinga ya mhubiri asiulizwe swali na mwalimu wa shule ya msingi. Daudi alikataa kumwua mfalme Sauli kwa sababu alikuwa masihi wa Bwana, lakini alitoka pangoni akamweleza kosa lake kwa sauti, watu wakisikia. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia. Na Paulo huyo huyo alipofika Beroya, wenyeji "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Luka, aliyeandika habari hizo, hakuwaita wakaidi. Aliwaita waungwana.

Sasa njoo kwenye mstari wako. Umekulia mwaloni, unajua mnunuzi mzoefu anavyopima gunia: hawaangalii dagaa wa juu, anazamisha mkono mpaka katikati, anatoa mmoja, anamtafuna asikie kama kuna mchanga. Yeremia 29:11 umepewa wa juu tu. Zamisha mkono.

Sura hiyo ni barua. Yeremia alibaki Yerusalemu, akawaandikia wale ambao Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa amewahamisha huko Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 K.K. Waliobeba barua wametajwa, Elasa na Gemaria. Waliopokea walikuwa watu wenye hamu moja tu, kurudi nyumbani upesi. Barua inawaambia nini kabla ya kufika mstari wa 11? Wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule ule uliowateka. Na mstari wa 10 unataja muda: miaka 70. Wazee waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Ndipo linapokuja lile neno la mawazo ya amani. Mimi naliamini kwa moyo wangu wote na limenibeba katika misiba, kwa sababu Mungu aliyelisema hajabadilika. Lakini lilisemwa ili watu wapate nguvu ya kukaa na kufanya kazi mahali walipo, kwa miaka mingi. Kulitumia kumharakisha binti atoe ada yake jioni hiyo hiyo ni kuligeuza maana yake.

Tazama na mstari wa 8: "Manabii wenu walio kati yenu, na wabashiri wenu, wasiwadanganye ninyi." Uko hatua chache tu juu ya ule uliosomewa! Kila nikiona mtu anauruka mstari huu kuukimbilia ule wa 11, roho inaniuma.

Rudi nyuma sura moja ujue ni manabii gani. Hanania alisimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akaanza kwa maneno yale yale ya Yeremia, "Bwana wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi," akaahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Akaitwaa nira shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, akaivunja. Fikiria shangwe iliyokuwapo siku ile. Jina la Mungu lilitajwa, mahali palikuwa patakatifu, habari ilikuwa njema, na Bwana hakuwa amemtuma. Hanania alikufa mwaka ule ule. Mwaka 586 K.K. mji ukachomwa moto.

Najua kinachokusumbua zaidi ni yeye kujua habari za mdogo wako. Kwanza, nyumba ipi haina mgonjwa? Lakini tuseme kweli alifunuliwa jambo. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia si la Bwana. Sura ya 13 inaongeza kwamba hata ishara ikitimia, bado tunapaswa kuangalia mtu huyo anatupeleka wapi. Na kule Filipi, Matendo 16, kijakazi mwenye pepo wa uaguzi alimfuata Paulo akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu. Alisema kweli tupu. Paulo akamkemea pepo akamtoka, na waliokasirika ni mabwana zake waliokuwa wakipata faida kwake.

Kwenye faida ndipo nisipotaka kumung'unya maneno. Naamani, jemadari wa Shamu, alipopona ukoma alimbembeleza nabii Elisha apokee zawadi, na Elisha akaapa: "Sitapokea kitu." Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyekimbia nyuma ya gari la Naamani kuifuata zawadi. Mika 3:11 inawalaumu manabii wanaobashiri ili wapate fedha. Wewe toa zaka na sadaka zako kama kawaida, lakini kwa jinsi ulivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima, kama ilivyo katika 2 Wakorintho 9:7. Ukitolewa fedha kwa kutishwa, hiyo ni lazima.

Moyo wa yule mtumishi siujui, nami simhukumu. Neno alilotoa ndilo tunalolipima. Akiba yako iache benki. Omba kwanza, kisha soma Yeremia 27 hadi 29 kwa sauti, kalamu mkononi, uandike kila mara nani anasema, na nani, wakati gani. Fuata marejeo yaliyo chini ya ukurasa. Halafu nenda kwa mchungaji wako mchana, pamoja na mama mmoja wa kanisa unayemwamini, muisome tena pamoja, kwa maana mtu akisoma peke yake anaweza kujipa jibu analolitaka. Ukiambiwa muda unapita, kumbuka kwamba Yeremia mwenyewe, nira yake ilipovunjwa, alienda zake, akangoja mpaka Bwana aliposema naye.

Kuna jambo moja nataka ulitazame sana. Katika 28:6, Yeremia anamjibu Hanania, "Amina, Bwana afanye hivi." Baba yako anadhani alikuwa akimkejeli. Mimi naona alimaanisha: hata yeye alitamani ndugu zake warudi baada ya miaka miwili, ila hakuthubutu kulifanya tamanio lake kuwa neno la Mungu. Niandikie wewe unalionaje, kabla hujaenda kwa mchungaji.

Mama yako